Mwongozo Kamili: Kuomba Matangazo ya Simu kwa Anwani Nyepesi za Wavuti

Tovuti zinazowahudumia wasomaji wa Unguja na Pemba, ziwe za habari, za ratiba za boti au za matokeo ya mpira, hufunguliwa zaidi kwenye simu kuliko kwenye kompyuta, na simu hizo si za aina moja. Yupo msomaji mwenye simu janja mpya, yupo mwenye simu ya zamani inayojaa kumbukumbu kwa haraka, na wapo wengi wanaotumia kivinjari cha Opera Mini ili bando lidumu. Kivinjari hicho, kinapobana data kwa kiwango cha juu kabisa, huziacha seva zake ziupokee ukurasa na kuupanga kabla ya kuutuma kwenye simu, na kwa sababu hiyo msimbo wa JavaScript haufanyi kazi kwa ukamilifu wake. Mwenye tovuti aliyeweka matangazo kwa njia ya msimbo peke yake huwakosa wasomaji hao, kwani nafasi ya tangazo hubaki tupu na mteja aliyelipa haonekani.

Ipo njia nyingine ambayo ni kongwe, rahisi na ya kuaminika, nayo ni kuliomba tangazo kwa anwani ya wavuti iliyoandikwa kwa mkono. Anwani hiyo huwekwa mahali ambapo kwa kawaida ingewekwa anwani ya picha, na seva ya matangazo, yaani kompyuta ya mbali inayohifadhi na kugawa matangazo, hujibu kwa kuleta picha inayofaa. Pembeni yake huwekwa anwani ya pili, inayompeleka msomaji kwa mwenye tangazo pale anapobofya. Hakuna maktaba ya msimbo ya kupakua wala programu ya kusakinisha. Mahali popote panapoweza kuonyesha picha yenye kiungo panaweza kuonyesha tangazo.

Urahisi huo una sharti lake. Seva ya matangazo haiuoni ukurasa wako, na kuhusu ukurasa huo inajua kile tu ulichokiandika ndani ya anwani. Herufi moja ikikosewa, tangazo la hoteli ya Nungwi huweza kuonekana mahali pa tangazo la saruji, au mbofyo wa mteja mmoja ukaandikwa kwa mteja mwingine. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu uandishi wa anwani yenyewe.

Chagua seva na uandae nafasi

Mifano mingi hapa inatumia Google Ad Manager, mfumo uliokuwa ukiitwa DoubleClick for Publishers hadi ulipobadilishwa jina mwaka 2018. Google iliinunua DoubleClick kwa makubaliano yaliyotangazwa mwaka 2007 na kukamilika mwaka 2008, na ndiyo maana jina la doubleclick bado linaonekana ndani ya anwani hadi leo. Asiyetaka kutegemea kampuni kubwa anaweza kusimika Revive Adserver, programu huria inayoendeshwa kwa PHP na hifadhidata ya MySQL, kwenye seva yake mwenyewe. Majina ya vigezo yanatofautiana baina ya mifumo hiyo miwili, ilhali mpangilio wa kazi ni uleule: anwani moja ya picha na anwani moja ya mbofyo.

Ndani ya seva, jambo la kwanza ni kuunda nafasi ya tangazo na kuipa jina. Nakushauri majina yafuate mpangilio wa tovuti yako, kutoka jumla kwenda mahususi, kwa mfano habari/usafiri au habari/michezo. Mpangilio huo unakuwezesha kumuuzia mwenye boti sehemu ya usafiri peke yake, au kumuuzia mwenye duka kubwa sehemu zote za habari kwa mkataba mmoja. Tumia herufi ndogo tu, bila ya nafasi baina ya maneno, na usibadilishe jina baada ya kurasa kuanza kulitumia, kwa sababu anwani zilizokwisha kuandikwa hazitajirekebisha zenyewe.

Kisha amua vipimo. Kipimo kilichozoeleka kwenye simu janja ni pikseli 320 kwa 50, nacho hukaa juu au chini ya skrini. Kipimo cha 320 kwa 100 humpa mwenye tangazo nafasi ya kuandika bei na namba ya simu bila ya kubana maneno, na cha 300 kwa 250 hufaa katikati ya makala ndefu. Kwa simu ndogo za vitufe vipo vipimo vya tangu zamani vya 120 kwa 20, 168 kwa 28, 216 kwa 36 na 300 kwa 50. Usiombe vipimo vyote kwa pamoja kwa kuwa tu seva inaruhusu. Chagua viwili, uwaeleze wateja wako, na uwaombe picha za vipimo hivyo. Kwa skrini zenye pikseli nyingi, picha iwe na upana na urefu mara mbili, yaani 640 kwa 100, kisha ionyeshwe ndani ya nafasi ya 320 kwa 50, na maandishi yatasomeka vizuri zaidi.

Andika anwani ya picha

Anwani ya kuomba picha kutoka Google Ad Manager huonekana hivi:

https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/ad?iu=/1234567/habari/usafiri&sz=320x50&c=804417263

Isome kipande kwa kipande. Sehemu iliyo kabla ya alama ya kuuliza ni mahali ombi linapokwenda, na neno la mwisho, ad, linaiambia seva kwamba unataka picha. Baada ya alama ya kuuliza vinafuata vigezo, kila kimoja kikiwa na jina, alama ya sawa na thamani yake, na kimoja hutenganishwa na kingine kwa alama ya &. Kigezo cha iu ndicho jina kamili la nafasi ya tangazo. Tarakimu zake za mwanzo ni namba ya mtandao wako ndani ya mfumo, ambayo hapa nimeiandika kwa mfano tu, na wewe utaweka yako. Kigezo cha sz ni kipimo, na c ni namba inayolitambulisha ombi, ambayo nitaieleza kwa urefu hapo mbele kwa kuwa ndiyo inayopuuzwa kuliko vyote.

Nafasi moja ikiweza kupokea vipimo viwili, viandike kwa kuvitenganisha kwa mstari wa wima. Mstari huo ukiwa ndani ya anwani unatakiwa kugeuzwa kuwa %7C, hivyo utaandika sz=320x50%7C320x100. Hata hivyo, kwa anwani nyepesi napendelea kipimo kimoja kwa kila nafasi. Huwezi kujua kabla ni picha ipi itakayokuja, na ukurasa unaoruka juu na chini wakati msomaji amekwisha kuanza kusoma humuudhi, khasa pale anapobofya tangazo bila ya kukusudia.

Andika anwani ya mbofyo

Anwani ya mbofyo ni nakala ya anwani ya picha, isipokuwa neno ad linabadilishwa kuwa jump:

https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/jump?iu=/1234567/habari/usafiri&sz=320x50&c=804417263

Msomaji anapobofya, seva hutazama ni tangazo gani ililolitoa kwa ombi lenye vigezo hivyo, huuandika mbofyo, kisha humwelekeza msomaji kwenye tovuti ya mwenye tangazo. Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa. Ukibadilisha kipimo katika anwani ya picha na ukasahau kukibadilisha katika anwani ya mbofyo, seva itayaona maombi mawili yasiyohusiana. Msomaji atakuwa ameona tangazo la duka la vifaa vya ujenzi la Amaani, kisha akapelekwa kwenye ukurasa wa ziara ya mashamba ya viungo, au asipelekwe popote. Usiziandike anwani hizi mbili kwa nyakati tofauti. Iachie programu ya tovuti yako iunde mstari mmoja wa vigezo na kuutumia mara mbili.

Katika Revive Adserver jozi hiyo ina sura nyingine. Anwani ya picha huishia kwa avw.php ikiwa na vigezo vya zoneid, cb na n, na anwani ya mbofyo huishia kwa ck.php ikiwa na n na cb. Kigezo cha n ndicho kinachoziunganisha anwani mbili, kwa hiyo ukiweka nafasi nyingi katika ukurasa mmoja, kila jozi iwe na n yake.

Namba ya ombi

Vivinjari, pamoja na seva za kati zinazohudumia mitandao ya simu, hupenda kuhifadhi picha ili zisipakuliwe tena. Kwa picha ya kawaida hilo ni jambo jema. Kwa tangazo ni hasara, kwa sababu picha ikitolewa kwenye hifadhi, seva ya matangazo haipati ombi, haihesabu chochote, na msomaji huliona tangazo lilelile hata baada ya mkataba wake kwisha. Namba ya c huondoa tatizo hilo. Ikibadilika kila ukurasa unapofunguliwa, anwani nzima huwa mpya na kivinjari hulazimika kuuliza upya.

Kanuni ni mbili na zote ni lazima. Ya kwanza, namba ibadilike kila mara ukurasa unapofunguliwa. Ya pili, ndani ya kufunguliwa kumoja, anwani zote za ukurasa huo zitumie namba ileile. Seva huitumia namba hiyo kuelewa kwamba maombi haya yametoka kwenye ukurasa mmoja, na hivyo huweza kuepuka kuweka tangazo moja mara mbili au kuyaweka pamoja matangazo yaliyouzwa kwa pamoja. Ukiwa na nafasi mbili au zaidi, ongeza kigezo cha tile ili kuzitofautisha, tile=1 kwa ya juu na tile=2 kwa ya chini, na urudie tile hiyohiyo katika anwani ya mbofyo ya kila nafasi.

Namba hiyo iundwe na seva ya tovuti yako wakati inapotengeneza ukurasa. Katika PHP, kwa mfano, kazi ya random_int inatosha. Tatizo huja pale tovuti yenyewe inapohifadhi kurasa zake zilizokwisha kutengenezwa ili zifunguke kwa haraka, jambo ambalo programu jalizi nyingi za WordPress hulifanya. Ukurasa ukihifadhiwa, namba ya bahati nasibu nayo inahifadhiwa, na wasomaji wote watapewa namba moja. Hesabu za kuonekana zitashuka na mibofyo itachanganyika. Ama uitoe sehemu ya tangazo nje ya hifadhi hiyo, au upunguze muda wa hifadhi uwe mfupi sana. Wengine huacha JavaScript ijaze namba kwenye simu ya msomaji, lakini ukifanya hivyo umeirudisha ile shida uliyotaka kuikimbia. Mimi naona bora tovuti iwe nzito kidogo upande wa seva kuliko mteja kudanganywa kwa hesabu zisizo za kweli.

Kulenga wasomaji kwa ufunguo na thamani

Mteja wa Wete anayeuza mashine za kukaushia karafuu hana haja ya kulipia wasomaji wanaotafuta hoteli za Paje. Ili seva imfikishie wasomaji anaowataka, uiambie ukurasa unahusu nini kwa kutumia kigezo cha t. Ndani yake huwekwa jozi za ufunguo na thamani, kama vile kisiwa na pemba, au mada na kilimo. Kwa kuwa jozi hizo zinakaa ndani ya kigezo kingine, alama ya sawa iliyo ndani yake lazima igeuzwe kuwa %3D, alama ya & iwe %26, na koma inayotenganisha thamani mbili za ufunguo mmoja iwe %2C. Mfano kamili ni huu:

https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/ad?iu=/1234567/habari/kilimo&sz=320x50&t=kisiwa%3Dpemba%26mada%3Dkarafuu%2Cviungo&c=804417263

Ukisahau kugeuza alama ya & iliyo ndani, seva itadhani kwamba t imekwishia kwenye pemba, na mada itaonekana kama kigezo kisichojulikana, ikatupwa. Hakuna ujumbe wa kosa utakaoonekana. Tangazo litakuja, ila si lile lililolengwa, na utalijua hilo mwisho wa mwezi mteja atakapolalamika. Kwa sababu hiyo usigeuze alama kwa macho na mkono. Tumia kazi iliyopo katika lugha ya programu, kama rawurlencode katika PHP au encodeURIComponent katika JavaScript, na uigeuze thamani nzima ya t mara moja tu. Ukiigeuza mara mbili, alama ya asilimia yenyewe itageuka kuwa %25 na jozi zote zitaharibika.

Katika Google Ad Manager ufunguo hauzidi herufi 20 na thamani haizidi herufi 40, na zipo alama zisizoruhusiwa, zikiwamo alama za kunukuu, alama ya mshangao, ya kujumlisha, nyota na mabano. Hilo la alama za kunukuu linatuhusu sisi moja kwa moja, kwa sababu ritifaa ya ng' imo katika maneno yetu mengi. Ukitaka kulenga wakaazi wa Ng'ambo, thamani yako iwe ngambo bila ya alama hiyo, na iandikwe hivyo hivyo pande zote mbili, kwenye ukurasa na ndani ya seva ya matangazo. Amua mapema pia kama utaandika mjimkongwe au mji-mkongwe, kwani seva huziona hizo kuwa thamani mbili. Ninapendekeza uweke karatasi moja ya orodha ya funguo na thamani zote, na mtu yeyote wa ofisini asiongeze mpya bila ya kuiandika humo.

Kulenga kwa saa kunahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mteja wa futari anaposema tangazo lake lianze saa kumi alasiri na liishe saa kumi na mbili na nusu, ndani ya mfumo utaandika 16:00 na 18:30. Kabla ya hapo hakikisha mtandao wako umewekwa katika saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko saa tatu mbele ya saa za dunia. Mtandao uliofunguliwa kwa saa za Ulaya au Marekani utalionyesha tangazo la futari wakati watu wamekwisha kwenda tarawehe.

Weka anwani kwenye ukurasa

Ndani ya HTML, kila alama ya & iliyo katika anwani huandikwa &amp; na kivinjari huirudisha katika hali yake kinapoisoma. Jozi nzima itakuwa hivi:

<a href="https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/jump?iu=/1234567/habari/usafiri&amp;sz=320x50&amp;tile=1&amp;c=804417263" rel="sponsored"><img src="https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/ad?iu=/1234567/habari/usafiri&amp;sz=320x50&amp;tile=1&amp;c=804417263" width="320" height="50" alt="Tangazo"></a>

Upana na urefu viandikwe daima, ili ukurasa utenge nafasi kabla ya picha kufika na maandishi yasisogee. Neno la alt liwe Tangazo, na juu ya picha pia pawe na neno hilo kwa herufi ndogo, kwa sababu msomaji ana haki ya kujua kipi ni habari na kipi kimelipiwa. Thamani ya sponsored katika rel huziambia injini za utafutaji kwamba kiungo hicho ni cha biashara, na Google imekuwa ikiipokea tangu mwaka 2019. Anwani zote zianze kwa https. Ukurasa salama unaoita picha kwa http ya kawaida huweza kuzuiwa na kivinjari, na tangazo lisionekane kabisa.

Seva ikikosa tangazo la kutoa, aghalabu hujibu kwa picha tupu isiyoonekana yenye pikseli moja, na wewe utabaki na pengo jeupe. Usiliache hivyo. Ndani ya seva weka tangazo lako mwenyewe lenye kipaumbele cha chini kabisa, kama mwaliko wa kujiandikisha kupokea habari kwa barua pepe au tangazo la bei zako za kutangazia, ili nafasi isikae bure.

Njia hii ina mipaka yake. Haiwezi kuonyesha tangazo linalocheza kwa msimbo, video yenye vidhibiti, wala tangazo linalopanuka. Inapokea picha tu. Vilevile kumpa msomaji mmoja tangazo mara chache kwa siku hutegemea kuki, yaani faili dogo la kumtambua msomaji linalowekwa kwenye kivinjari, na Safari ya simu za iPhone imezuia kuki zote za tovuti za nje tangu mwaka 2020. Usimuahidi mteja kwamba kila mtu ataliona tangazo mara tatu tu.

Kuomba tangazo kutoka seva yako

Zipo tovuti na programu za simu ambazo haziwezi kumruhusu msomaji kuwasiliana na seva ya matangazo moja kwa moja, na badala yake seva ya tovuti ndiyo inayoomba kwa niaba yake. Google Ad Manager ina anwani ya adx kwa kazi hiyo, inayorudisha msimbo wa tangazo ukiwa peke yake, bila ya kuzungushiwa kitu chochote.

Tahadhari kubwa hapa ni utambulisho wa msomaji. Seva yako huenda iko katika kituo cha data cha Ulaya, na ikiomba kwa jina lake, seva ya matangazo itaamini kwamba wasomaji wako wote wako Ulaya na wanatumia kompyuta ya aina moja. Matangazo yaliyolengwa Tanzania hayatatoka, na mfumo wa kukamata mibofyo ya hila unaweza kukutilia shaka. Kwa hiyo ombi lipeleke mbele maelezo ya kivinjari cha msomaji yaliyomo katika kichwa cha ombi kiitwacho User-Agent, na anwani yake ya IP, ambayo kwa kawaida hupelekwa katika kichwa cha X-Forwarded-For. Weka pia kikomo cha kusubiri, sekunde moja au chini ya hapo. Kebo ya baharini ikileta shida au mtandao ukawa mzito, makala ifunguke bila ya tangazo, kwa sababu msomaji amekuja kwa ajili ya makala.

Kwa barua pepe za habari njia ya picha inafaa, ila c iwe tofauti kwa kila mpokeaji. Gmail hupitisha picha katika seva zake na kuzihifadhi, kwa hiyo tangazo analoliona mpokeaji leo huenda ndilo atakaloliona akiifungua barua ileile wiki ijayo. Usiuze humo tangazo la siku moja.

Mambo yasiyofaa kuandikwa ndani ya anwani

Anwani hubaki katika kumbukumbu za seva, katika historia ya kivinjari na katika vifaa vya mtandao inavyopitia. Namba ya simu ya msomaji, jina lake, barua pepe yake au namba yake ya ZanID haina nafasi katika kigezo chochote, hata ikiwa imefichwa kwa herufi za kubahatisha, na seva kubwa za matangazo nazo zinakataza kupelekewa taarifa hizo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kila mwenye tovuti angeisoma kabla ya kukusanya chochote. Kulenga kwa mada ya ukurasa kunatosha kwa biashara nyingi za visiwani. Anayesoma ratiba ya boti ya Mkoani anasafiri, na hilo unalijua bila ya kumjua yeye ni nani. Usitengeneze pia funguo zinazohusu afya ya mtu au msimamo wake wa kisiasa.

Jaribu kabla ya kumwita mteja

Anza kwa kuibandika anwani ya picha peke yake kwenye kivinjari. Ukiona tangazo, ibandike ya mbofyo na uhakikishe unafika kwa mwenye tangazo huyohuyo. Kisha tumia amri ya curl kwenye kompyuta ili uone majibu yenyewe, ukiizungushia anwani alama za kunukuu:

curl -s -o /dev/null -D - "https://securepubads.g.doubleclick.net/gampad/ad?iu=/1234567/habari/usafiri&sz=320x50&c=804417263"

Bila ya alama hizo, kompyuta itaikata anwani kwenye & ya kwanza, na utahangaika kutafuta kosa ambalo halimo katika anwani yako. Katika majibu tazama msimbo wa hali: 302 maana yake unaelekezwa kwenye faili la picha, na 200 maana yake umeletewa jibu palepale. Jibu la 400 au 404 aghalabu linatokana na iu iliyokosewa au namba ya mtandao isiyo yako.

Baada ya hapo fungua ukurasa kwenye simu halisi: simu janja moja yenye Chrome, moja yenye Opera Mini iliyobana data kwa kiwango cha juu, na kama unaweza, simu ya vitufe yenye intaneti. Fanya hivyo kwa data ya mtandao wa simu badala ya Wi-Fi ya ofisini, na uwe na mtu wa Pemba anayefanya kama wewe, kwani kasi ya Mkokotoni, ya Micheweni na ya Mjini si moja. Ufungue ukurasa upya na utazame kama c imebadilika, kisha uzilinganishe c zilizomo katika anwani zote za ukurasa huo. Picha ikichelewa kuliko makala, mrudishie mteja apunguze uzito wake. Picha ya 320 kwa 50 isiyosogea haina sababu ya kufika hata kilobaiti 40.

Kulinganisha hesabu na mteja

Mwisho wa mkataba, mteja atakuja na hesabu ya wageni waliofika kwenye tovuti yake, nawe utakuwa na hesabu ya mibofyo. Hazitalingana. Wapo waliobofya kisha wakarudi nyuma kabla ya ukurasa wa mteja kufunguka, na zipo programu zinazopita kwenye viungo bila ya kuwa watu. Jambo hilo liandikwe katika mkataba tangu siku ya kwanza: hesabu itakayolipiwa ni ya seva gani, na tofauti ya kiasi gani itakubalika kabla ya kukaa pamoja na kuichunguza. Ikiwa tofauti ni kubwa mno, anza kwa kuangalia c, kisha kama anwani ya picha na ya mbofyo zinafanana kwa kila kigezo, halafu kama ukurasa umehifadhiwa mahali. Ukishaliona kosa, mpe mteja siku za ziada sawa na zile alizozipoteza, kisha urekebishe kiolezo cha ukurasa kinachounda anwani zote, ili kosa hilo lisijirudie katika mikataba mingine inayoendelea.